Moyo Ndio Usukani

Katika maneno yote ayasemayo mwanadamu, hapana dogo lililozuia makubwa kama neno "siwezi". Ni neno la silabi tatu tu, lakini limefunga milango isiyokuwa na kufuli, limezima taa zilizokuwa na mafuta, na limewazika watu wangali hai. Mtu hulitamka kisha akaketi. Na akiisha kuketi, hukuonyesha kuketi kwake kuwa ndio ushahidi kwamba hakuweza kwenda. Katika insha hii nakusudia kulishitaki neno hilo mbele yenu, enyi vijana wa shule, pamoja na ndugu zake wawili. Ndugu wa kwanza ni "nikipata", asemaye kwamba furaha haiji ila mtu apate kitu fulani. Ndugu wa pili ni "itakuwa tu", asemaye kwamba ukiamini vya kutosha huna haja ya kutenda. Watatu hawa hawafanani sura, lakini mama yao ni mmoja, na jina lake ni uvivu wa moyo.

Kabla ya kuwaleta kizimbani mmoja mmoja, yafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mwanadamu ni kama jahazi baharini. Upepo hakuuumba yeye: kaskazi huvuma kwa majira yake na kusi kwa majira yake, wala nahodha hana amri juu yake. Mikondo hakuichimba yeye, wala miamba hakuipanda yeye. Kuzaliwa katika nyumba ya tajiri au ya maskini, kuwa na afya au ugonjwa, kupata mvua au ukame, hayo yote ni upepo na mikondo ya maisha. Walakini jahazi lina usukani. Majahazi mawili huweza kutoka Lamu siku moja, kwa upepo mmoja, la kwanza likafika Mombasa salama na la pili likapanda mwamba. Usukani wa mwanadamu ni moyo wake. Yaani yale anayoyaamini, yale anayoyafikiri, na namna anavyoyaelekea mambo yanayomkuta. Wahenga walilijua hilo waliposema kwamba nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu.

Sisemi kwamba usukani ni upepo. Atakayesema hivyo amewadanganya wasafiri, nami nitamrudia mbele. Nasema tu kwamba nahodha anayeuacha usukani kwa sababu hawezi kuuamuru upepo ni nahodha mwenye makosa mawili: hakupata upepo autakao, na hakuutumia alioupata.

Sasa aletwe mshitakiwa wa kwanza, "siwezi". Hana haja ya kutafutwa mbali, kwani makao yake makuu ni darasani. Tuseme wapo wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili, wote wawili wamepata alama 28 katika jaribio la hesabu. Upepo wao ni mmoja. Wa kwanza aitazama karatasi na kusema, "Hesabu siziwezi, katika ukoo wetu hakuna azijuaye." Wa pili aitazama karatasi na kusema, "Maswali haya siyajui bado." Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo masikioni, lakini tazameni yanakowapeleka. Wa kwanza hayarudii maswali aliyokosa, kwa kuwa hapana faida ya kumwagia maji mti uliokufa. Mwalimu akiuliza swali, huinamisha kichwa. Jioni huenda mchezoni wakati wa kufanya mazoezi, na usiku wa kuamkia mtihani hulala na hofu. Akipata tena 28, au chini yake, huwaambia wenzake kwa sauti ya mshindi, "Sikuwaambia?" Wa pili huyarudia yale aliyokosa, huuliza, huchekwa, huuliza tena. Huenda mwisho wa mwaka asiwe wa kwanza darasani. Lakini hatakuwa pale alipokuwa.

Hapo ndipo ulipo ujanja wa "siwezi". Maneno mengine ya uongo hufichuliwa na matendo, lakini neno hili hujitengenezea matendo ya kulithibitisha. Mtu huamini kwamba hawezi. Kwa kuamini hivyo hajaribu. Kwa kutojaribu hashindi. Na kwa kutoshinda huamini zaidi. Ni duara kama la ng'ombe wa kinu cha kusindika mafuta, azungukaye kutwa na jioni akajikuta palepale. Shahidi aliyeletwa mahakamani amelishwa maneno na mshitakiwa. Hakimu mwenye akili haupokei ushahidi wa namna hiyo, nanyi msiupokee.

Tena yafaa ijulikane kwamba mara nyingi "siwezi" huanza kwa jina la "huwezi". Mtoto hazaliwi na neno hilo. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara mia na husimama mara mia na moja, wala hasemi kwamba miguu haikuumbwa kwa ajili yake. Neno hilo hupewa na wakubwa. Mzazi humwambia binti yake kwamba sayansi ni ya wavulana. Mwalimu aliyechoka humwita kijana mjinga mbele ya wenziwe. Jirani husema kwamba kwenu hakujatoka mtu wa maana. Mtoto hulipokea "huwezi" kwa masikio, hulibeba nyumbani, na baada ya miaka hulitoa kinywani mwake likiwa "siwezi", akidhani ni mali yake mwenyewe. Enyi wazazi na walimu, kama yupo kati yenu anayesoma ukurasa huu juu ya bega la mtoto, na ajue kwamba fimbo huumiza siku moja, lakini neno huweza kuumiza maisha.

Twao ushahidi wa hapa hapa Kenya. Mwaka 1977 Wangari Maathai, mwanamke aliyekuwa amepata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1971, alianzisha kazi ya kupanda miti iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Siku ya 5 Juni mwaka huo miche saba ilipandwa Kamukunji, Nairobi, wala hiyo saba haikupona yote. Alipotaka kuwatumia wanawake wa vijijini kuotesha miche, wapo wataalamu wa misitu waliotilia shaka: mwanamke asiyekuwa na cheti cha misitu ataoteshaje mti? Hilo lilikuwa "huwezi" lililovaa suti. Wanawake wale hawakubishana juu ya vyeti. Walikuwa wamekwisha otesha mahindi na maharagwe tangu utoto wao. Wakachukua mbegu za miti, wakazitia katika makopo na vyungu vilivyovunjika, wakazimwagilia. Mwaka 2004 Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti iliyokuwa imepandwa ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30. Kutoka saba hadi milioni 30 ni safari ndefu, na haikuanza na fedha nyingi. Ilianza na watu waliokataa kuliamini neno walilopewa. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hakuna haba ya kwanza kwa mtu anayeamini kwamba kibaba hakijai.

Mfano mwingine ni wa mbio za maili moja. Mwaka 1945 Gunder Hägg wa Sweden alizikimbia kwa dakika 4, sekunde 1 na nukta 4, na rekodi hiyo ikakaa miaka tisa. Watu wengi wakaanza kusema kwamba dakika nne ni ukuta usiovunjika. Siku ya 6 Mei 1954, mjini Oxford, Uingereza, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Roger Bannister alizikimbia kwa dakika 3, sekunde 59 na nukta 4. Siku 46 baadaye John Landy wa Australia, akikimbia katika mji wa Turku, Finland, alipunguza zaidi.

Wapo wahubiri wanaoisimulia habari hii kana kwamba ukuta ule ulikuwa katika akili tu, na Bannister aliuangusha kwa kuufikiria umeanguka. Huo ni udanganyifu. Bannister alijizoeza kwa mpango, alipima mwendo wa kila mzunguko, na siku ile alikuwa na wenzake wawili, Chris Brasher na Chris Chataway, waliomwongozea mwendo. Naye Landy alikuwa akiukaribia ukuta ule tangu mwaka 1952. Basi imani ilifanya nini? Imani ilifanya kazi moja, nayo ni kubwa: iliwatoa nyumbani. Asiyeamini kwamba jambo lawezekana hatoki kwenda kulifanyia mazoezi siku ya mvua. Imani haikukimbia badala ya miguu. Iliipeleka miguu uwanjani. Shikeni neno hili, kwa kuwa ndilo nguzo ya insha yangu yote.

Na aje sasa mshitakiwa wa pili, "nikipata". Huyu ni mpole wa sura na mtamu wa maneno. Humwambia mwanafunzi wa shule ya msingi, "Ukiingia sekondari utafurahi." Akiingia sekondari, humwambia, "Ukiingia chuo kikuu utafurahi." Akitoka chuoni, ni kazi, akipata kazi, ni nyumba, akipata nyumba, ni gari, akipata gari, ni gari kubwa kuliko la jirani. Maisha yote hupita mtu akiifuata furaha kama afuataye upeo wa bahari: kila akipiga kasia nao husogea. Siku hizi "nikipata" amepata makao mapya katika simu. Kijana hutazama picha za wenziwe waliochagua kuonyesha siku yao moja nzuri kati ya mia, kisha huilinganisha na siku zake mia zote, akajiona maskini kuliko alivyo.

Historia ina jibu kwa "nikipata". Katika karne ya kwanza aliishi Roma mtumwa aitwaye Epictetus, mtu kiwete, asiyemiliki hata mwili wake. Baadaye alipewa uhuru akawa mwalimu. Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: yako mambo yaliyo katika uwezo wetu na yako yasiyokuwamo, fikira na nia zetu ni zetu, lakini mali, cheo na sifa si zetu, na mtu huhuzunishwa zaidi na maoni yake juu ya mambo kuliko na mambo yenyewe. Katika karne iliyofuata, Kaizari Marcus Aurelius, aliyetawala dola yote ya Roma, aliyasoma mafundisho yaliyotoka kwa mtumwa huyo na kuyafanya mwongozo wa moyo wake. Fikirini jambo hilo! Mwenye kila kitu alikwenda kuazima utulivu kwa aliyekuwa hana kitu. Lau furaha ingalitokana na kupata, Kaizari asingalikuwa na haja ya kujifunza kwa mtumwa.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya Warumi wa kale tu. Josiah Mwangi Kariuki alitiwa kizuizini na serikali ya kikoloni mwaka 1953, akahamishwa kambi baada ya kambi hadi mwaka 1960. Habari zake alizitoa katika kitabu mwaka 1963. Katika kambi za kizuizini za miaka ile palikuwa na njaa, mapigo na kazi ngumu, na wako waliouawa, kama wale watu 11 wa Hola mwezi wa Machi 1959. Walakini katika kambi hizo hizo wafungwa wenye elimu waliwafundisha wenzao kusoma na kuandika. Mtu aliingia hajui alifu wala bee, akatoka aweza kuandika barua. Waya wa miiba ulizunguka miili yao, lakini hapakuwa na waya uliozunguka nia zao. Sisemi kwamba walikuwa na raha. Atakayesema hivyo awatukana. Nasema kwamba hawakungoja lango lifunguliwe ndipo waanze kuishi.

Na katika siku zetu, Mungu ametupa mfano wenye jina linalofaa. Mkimbiaji Faith Kipyegon, ambaye jina lake kwa Kiswahili ni Imani, alijaribu mjini Paris siku ya 26 Juni 2025 kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Dunia nzima ilitazama. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei, akaanguka chini kwa uchovu. Alilolitaka hakulipata. Kama furaha na nguvu zake zingalikuwa zimetundikwa katika msumari wa "nikipata", usiku ule zingalianguka zikavunjika. Lakini siku ya 5 Julai, siku tisa tu baadaye, alisimama tena kwenye mstari mjini Eugene, Marekani, akakimbia mita 1500 kwa dakika 3, sekunde 48 na nukta 68, rekodi mpya ya dunia. Mtu mwenye imani ya kweli si yule asiyekosa. Ni yule ambaye kukosa hakumwambii yeye ni nani.

Hapa sharti niseme neno la haki, nisije nikawa wakili wa wadhalimu. Wako watu wapendao sana fundisho hili la fikira na furaha, kwa sababu huwafaa wao. Tajiri asiyetaka kuongeza mshahara humwambia mfanyakazi wake kwamba utajiri ni wa moyo. Kiongozi asiyejenga hospitali huwaambia wagonjwa wawe na matumaini. Huo si uchaji wala hekima. Huo ni wizi uliojifunika kanzu. Mtoto mwenye njaa hahitaji mawaidha juu ya kuridhika, ahitaji chakula. Kijana ambaye majonzi yamemkalia majuma na majuma, hali wala halali, hana kosa la kulaumiwa; ni mgonjwa kama mgonjwa wa malaria, na dawa yake ni mtu wa kumsikiliza na tabibu wa kumtibu, wala si kelele za "jikaze". Ikiwa wewe ndiye kijana huyo, mwambie mtu mzima unayemwamini leo, usingoje kesho. Kushika usukani ni pamoja na kuomba msaada bahari inapochafuka.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo yawakata wote wawili: maskini asemaye kwamba atakuwa mwema akipata, na tajiri asemaye kwamba maskini aridhike asipate. Moyo mwema hutoa leo, kwa kadiri ya mkono wake. Na moyo huo huo hudai haki leo, kwa kadiri ya sauti yake.

Amebaki mshitakiwa wa tatu, "itakuwa tu", na huyu ndiye wa hatari kuliko wote, kwa sababu huvaa mavazi ya imani. "Siwezi" humlaza mtu kitandani. "Itakuwa tu" humtembeza mtu usingizini hadi ukingoni mwa shimo. Husema, "Amini, itakuwa. Usiulize. Usipime. Shaka ni dhambi."

Kumbukeni vita vya Maji Maji katika Tanganyika, vilivyoanza mwaka 1905 na kuendelea hadi 1907. Wajerumani walikuwa wamewalazimisha watu kulima pamba kwa faida ya wageni, na mateso yalikuwa mengi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini kwamba maji hayo yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Imani hiyo ilikuwa na pande mbili, na mwenye akili huzitenganisha. Upande wa kwanza ulisema: sisi, watu wa makabila mengi, tu kitu kimoja, na dhuluma yaweza kupingwa. Hilo lilikuwa kweli, nalo liliwaunganisha watu ambao hawakuwa wameungana kabla, likawapa ushujaa ambao wajukuu zao hawajausahau. Upande wa pili ulisema: risasi haitaingia. Hilo halikuwa kweli. Mwezi wa Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile, na mwisho wa mwezi huo huo mashujaa walioishambulia ngome ya Mahenge walikutana na bunduki za rashasha. Risasi haikuuliza ni nani aliyeamini. Baadaye Wajerumani waliteketeza mazao na vijiji, njaa ikaingia, na wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa hiyo. Lawama ya vifo hivyo ni ya waliowadhulumu na kuwachomea chakula, wala si ya wanyonge waliotafuta uhuru. Lakini fundisho hubaki kwetu: imani inayoamsha mkono ni mali, imani inayokataza jicho kutazama ni hatari.

Walakini hatuna haja ya kurudi nyuma miaka mia na zaidi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya watu walioambiwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Mungu wao. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi, ambao hawakuchagua lolote. Hukumu ya waliohusika ni kazi ya mahakama. Kazi yetu ni kujiuliza jambo lilivyowezekana. Watu wale hawakuwa wajinga kupita wengine. Waliambiwa kwamba kuuliza ni kukosa imani, wakaacha kuuliza. Na mtu akiacha kuuliza, usukani wake umeshikwa na mwingine. Kama mlikuwa na shaka kwamba imani huongoza matendo, shaka hiyo na ife hapo. Imani huongoza matendo hata kaburini. Kwa hiyo yatupasa kuichagua imani kwa uangalifu kuliko tunavyochagua chakula.

Jambo hili latuonyesha mpaka wa uwezo wa fikira. Matabibu wamechunguza na kuona kwamba mgonjwa akipewa kidonge kisichokuwa na dawa, naye akaamini ni dawa, mara nyingine maumivu yake hupungua kweli. Hiyo ni nguvu ya moyo juu ya mwili, wala si ya kudharauliwa. Lakini kidonge hicho hakiui vijidudu vya malaria wala hakiungi mfupa uliovunjika. Imani huweza kumpa mgonjwa moyo wa kumeza dawa, na subira ya kungoja kupona. Haiwezi kukaa mahali pa dawa. Anayemkataza mgonjwa dawa kwa jina la imani hajamwongezea imani, amempunguzia siku.

Wala dini zetu hazikufundisha uvivu huo. Mwislamu amefundishwa kumfunga ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Mkristo amefundishwa kwamba imani isiyokuwa na matendo imekufa. Wazee wa bara walipofanya matambiko kuomba mvua, majembe yao hayakuwa yametupwa. Shamba lilikuwa limelimwa tayari. Msikiti, kanisa na kaya zimepatana katika neno hili moja, kisha kijana wa leo aketi chini ya kivuli na kusema, "Itakuwa tu"! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na hapana dua iliyopata kukiinua kitanda ili mvivu asiiname.

Basi, enyi vijana, nimewashitaki watatu, na hukumu ni yenu. Lakini hakimu asiyekuwa na kipimo huhukumu kwa macho tu. Kwa hiyo nawapa kipimo. Fikira yoyote ikibisha hodi mlangoni pa moyo wako, usiifungulie kwa sababu imebisha kwa nguvu, wala kwa sababu imekuja na mtu mkubwa. Iulize kwanza, "Je, u kweli?" Kama haiwezi kuvumilia swali, ni mwizi. Kisha iulize, "Wanipeleka wapi kesho asubuhi?" Kama inakupeleka kitandani, ni "siwezi", kama inakupeleka kwenye wivu, ni "nikipata", kama inakupeleka mahali ambapo huruhusiwi kufumbua macho, ni "itakuwa tu". Mwisho iulize, "Watanifanya niwe nani kwa jirani yangu?" Fikira njema haimfai mwenyewe peke yake. Mtu mwenye moyo mkunjufu ni kama taa katika nyumba: hakuiwasha kwa ajili ya wengine, lakini wote huona.

Huenda mmoja wenu aseme, "Hayo ni rahisi kuandika." Ni kweli, na ni magumu kutenda. Moyo hauzoezwi kwa siku moja, kama vile mguu wa mkimbiaji hauzoezwi kwa siku moja. Anza na dogo. Leo, unapofungua kitabu kinachokutisha, usiseme "siwezi", sema "sijaweza bado", kisha fanya swali moja. Leo, kabla ya kuhesabu usivyo navyo, mshukuru aliyekupikia. Leo, unapoomba, omba kwa moyo wote, kisha inuka ufanye kwa mikono yote. Ukikosa, kesho ipo. Na kukosa kwa aliyejaribu ni elimu, lakini kukosa kwa aliyeketi ni hasara tupu.

Upepo utavuma utakavyo. Kaskazi itakuja na kusi itakuja, na wako watakaopata upepo wa omo na wako watakaopata wa tezi. Hilo si letu kuamua. Lakini mzee mmoja asikudanganye, wala rafiki, wala mhubiri, wala hofu yako mwenyewe, kwamba jahazi lako halina usukani. Unao, nao umo mkononi mwako. Ushike, fumbua macho, utweke tanga.